Hapa Yule Mama Yuko Wapi?

Kibao kilikuwa kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeupe, na juu yake, kwa herufi za bluu, maneno matatu: ENEO LA WAZI. Niliyaandika mimi kwenye karatasi nikampa fundi wa mabango ayachore. Ulikuwa mwaka 2011, katika mji mmoja wa kusini ambao sitautaja. Nilikuwa na shahada niliyoisomea miaka minne, nilikuwa na usajili wa taaluma, na mezani kwangu palikuwa na muhuri wenye jina langu. Kwenye mchoro, sehemu ile niliipaka kijani. Nilitaka ibaki bila jengo, watoto wapate pa kuchezea na maji ya mvua yapate pa kuzama.

Haikupita miezi mitatu pakajaa. Alitangulia mama mmoja wa vitumbua, wakafuata wauza mitumba, fundi baiskeli, na kijana wa chipsi na kabati lake la vioo. Kisha mgambo wakaja na gari alfajiri. Mimi nilifika saa mbili asubuhi, faili kwapani, nikamkuta yule mama amechutama, anajaribu kuokoa unga wa mchele uliokuwa umeshaumuka. Ulikuwa umemwagika mchangani, na kila alipochota kwa kiganja, mchanga ulikuja nao. Chuma chake cha kukaangia kilikuwa kimekanyagwa. Nilimwamkia, akaitika. Hakunitukana. Aliniuliza tu: “Mwanangu, si mmeandika wenyewe kwamba pako wazi?”

Mlango ukiwa wazi mtu huingia. Nafasi ya kazi ikiwa wazi mtu huomba. Yule mama alikisoma kibao changu kama Mswahili yeyote angekisoma, na alikisoma sawasawa. Aliyekosea ni mimi. Nilichukua maneno ya vitabu vya Kiingereza nikayahamisha neno kwa neno, wala sikumuuliza mtu hata mmoja wa mtaa ule yanasikikaje masikioni mwake. Kosa langu la lugha lilimgharimu yeye mtaji.

Mimi ni mtoto wa Gerezani, Dar es Salaam. Nilizaliwa mwaka 1979 kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani kulikuwa na jiko, bomba na choo cha wote. Familia tano tulipanga humo. Baba alikuwa dereva wa treni, na stesheni ilikuwa karibu kiasi kwamba alirudi nyumbani kwa miguu, akiwa na harufu ya dizeli. Mtaa wetu uliamka na nyundo: watu wa vyuma chakavu, wachomeleaji, mafundi wa majiko ya mkaa. Ukienda upande mmoja unakutana na bandari, ukienda upande wa pili umeshaingia Kariakoo kabla hujajua. Mpira tulichezea Mnazi Mmoja. Nilidhani uwanja ule umekuwapo tangu Mungu aiumbe Dar es Salaam.

Chuoni ndipo nilipojua habari zake. Nilijiunga na UCLAS mwaka 1999, pale Observation Hill. Kilikuwa Chuo cha Ardhi kabla ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Nilisoma kwamba Wajerumani waliugawa mji wetu kanda tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na wafanyabiashara, na ya Waafrika, na kwamba Waingereza waliendeleza mgawanyo huo, Mnazi Mmoja ikaachwa tupu iwe mpaka kati ya Uhindini na sisi. Kwa hiyo uwanja wetu wa mpira nao ulikuwa eneo la wazi la mtu fulani, na yeye pia hakutueleza maana yake. Nilisoma mipango kabambe ya jiji: ule wa 1949 uliotengenezwa na kampuni ya Uingereza, wa 1968 na wa 1979 uliotengenezwa na kampuni za Kanada. Sheria tuliyoikariri ilikuwa ya mwaka 1956, iliyoandikwa kwa mfano wa sheria za Uingereza. Vyote hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, nasi tulivijibia mitihani kwa Kiingereza. Walimu wangu walikuwa wazuri na wengi wao walitupeleka uwandani, nawashukuru hadi leo. Lakini alama zilikuwa kwenye karatasi, na mwanafunzi husomea kilipo na alama.

Nilimaliza mwaka 2003, Mradi wa Viwanja 20,000 ukiwa umepamba moto huko Mbweni, Bunju, Tuangoma na Kibada. Kila mwenye kalamu na rula alipata kazi. Mwaka 2007 zikaja sheria tulizokuwa tukizisubiri: Sheria Na. 7 ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji, iliyounda Bodi ya kutusajili, na Sheria Na. 8 ya Mipango Miji, iliyoiweka kando ile ya 1956. Niliona fahari. Kabla ya hapo mtu yeyote aliyeweza kuchora mistari minne alijiita mtaalamu; sasa asiyesajiliwa haruhusiwi. Nilipojiandaa kwa usajili wangu nilisoma viwango, sheria, maadili na taratibu za kibali, nikajibu yote kwa Kiingereza changu kizuri cha Mlimani. Nilipopata usajili nilinunua keki, nikaileta Gerezani, na Baba akaikata.

Ndiyo maana baada ya asubuhi ile ya vitumbua nilipanda basi kurudi kwake. Alikuwa amestaafu, anashinda barazani na wenzake wa reli, kwenye drafti ya vizibo vya soda. Nilimsimulia yote. Akasema nimwoneshe huo mchoro. Nikautandaza juu ya drafti, wazee wanne wakauinamia. Baba alivaa miwani, akaupitia polepole kwa kidole kama anayefuata reli, kisha akaniuliza: “Hapa yule mama yuko wapi?”

Nikamwonesha ile sehemu ya kijani.

“Hapa naona rangi. Nauliza yule mama.”

Nikaanza kueleza, na hapo ndipo nilipoona msiba wangu. Nilimwambia pembeni ya eneo lile kuna viwanja vya ujazo mkubwa. Mzee mmoja akafurahi, akasema vizuri sana, watu wapewe viwanja vikubwa. Ikabidi nimweleze kwamba kinyume chake ndiyo kweli: ujazo ukiwa mkubwa, viwanja ni vidogo na vimebanana. Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Nikasema huu mstari ni hifadhi ya barabara. Mwingine akauliza hifadhi kama ya Mikumi? Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, kwa sababu hifadhi kwa Kiswahili ni mahali kitu kinapotunzwa, na yeye alitaka kujua hapo kinatunzwa nini. Nilitafuta neno la kueleza kwamba ni ardhi iliyotengwa ili barabara ikipanuka isivunje mtu, na nilipolieleza hivyo, kwa maneno mengi ya kawaida, wakaelewa wote mara moja. Mzee yule akasema: “Sasa kwa nini hamuandiki hivyo, mnasubiri mje mtuchoree X nyekundu ukutani?”

Sikuwa na jibu. Nina shahada, nina muhuri, na nimeshindwa kusoma mchoro wangu mwenyewe kwa lugha ya mama yangu, kwenye baraza niliyojifunzia kutembea.

Baba ndiye aliyenipa njia. Aliniambia kwamba yeye hakukabidhiwa treni kwa sababu alifaulu karatasi. Karatasi alifaulu, ndiyo, akajua breki na injini na ishara zote. Kisha akakalishwa pembeni ya dereva mkongwe, safari baada ya safari, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mpaka akajua wapi reli inainama, wapi mvua hula tuta, kijiji gani watoto huvuka kwenda shule na saa ngapi. Reli huita hiyo kuijua njia. Dereva anaweza kuwa hodari wa injini yoyote, asipoijua njia hapewi abiria. “Ninyi,” akasema, “mnapewa abiria siku ya kwanza.”

Kauli ile ilinigeuza, na imenifanyia kazi kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Nilichukua likizo ya wiki tatu nikazunguka Gerezani na Kariakoo kwa miguu, nikiwa na daftari tu. Siku ya kwanza nilikwama kwenye salamu. Nilimwambia mama mmoja wa chai, “Mimi ni mpangaji miji,” akaniuliza nimepanga nyumba ipi na kodi shilingi ngapi. Kwa Kiswahili cha Kariakoo mpangaji ni mtu anayelipa kodi. Niliandika neno hilo mara mbili kwenye daftari, nikalitazama usiku kucha. Michoro yangu yote inakitambua kiwanja na mwenye kiwanja. Mpangaji wa chumba hayumo. Mpangaji wa fremu hayumo, wala yule aliyepangishwa nusu ya fremu na mpangaji wa fremu, baada ya kulipa kilemba. Nilikuta kibaraza kimoja, hakifiki hatua tatu kwa mbili, chenye maisha matatu kwa siku: alfajiri chai na maandazi, mchana makava ya simu, usiku supu ya pweza. Kila mmoja analipa kwa mtu wake na kila mmoja anajua dakika yake ya kuondoka. Ule ni mpango, tena unafuatwa kuliko yetu. Hakuna somo lililonifundisha kuuona, na hakuna mtihani ulionitaka niuone.

Tangu hapo, kila kijana anayeletwa kwangu kufanya mafunzo ya kazi kabla ya kuomba usajili, namwanzia Gerezani. Wiki mbili hagusi kompyuta. Anapewa mchoro mmoja wa mtaa na anatakiwa aueleze kwa watu kumi, mmoja mmoja, kwa Kiswahili, bila neno la Kiingereza: kuli wa Kariakoo, mwenye nyumba, mchomeleaji, bibi wa karanga, mwenyekiti wa mtaa. Akimaliza kueleza anakaa kimya, anamwachia yule mtu amweleze yeye mchoro ule ule. Anachoniletea mezani ni maelezo ya yule mtu, jinsi alivyoyatamka. Hapo ndipo naona kama kijana ameelewa kazi. Mmoja wao, msichana hodari aliyemaliza na daraja la kwanza, alirudi siku ya nne analia. Alikuwa amegundua kwamba hajui kusema kwa Kiswahili mambo aliyoandikia tasnifu. Nilimwambia nami nililia, tukaanza kutafuta maneno pamoja. Eneo la wazi sasa tunaliita eneo lisilojengwa, na chini ya jina tunaandika wazi kabisa nani anaruhusiwa kufanya nini hapo na nani haruhusiwi. Viwanja vya ujazo mkubwa tunaviita viwanja vidogo vya karibukaribu. Bikoni tumeiacha bikoni, maana kila mtu anaijua.

Sikuwa peke yangu katika haya, na nilichelewa kujua. Mwaka ule ule nilioanza chuo, 1999, ulianzishwa Muungano wa Vyuo vya Mipango vya Afrika, na Profesa Tumsifu Jonas Nnkya wa chuo chetu alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Ni yeye aliyeandika baadaye, mwaka 2008, kitabu kizima kuhusu sababu za mipango kutofanya kazi Tanzania, akiuchukua mji wa Moshi kama mfano. Mwaka 2010 muungano huo ulikubaliana na mtandao wa kimataifa wa wakazi wa makazi duni kwamba wanafunzi wajifunze pamoja na wakazi wenyewe, na wanafunzi wa Makerere wakaingia mitaa ya Kampala kwa utaratibu huo. Mwaka 2013 Vanessa Watson wa Cape Town na Babatunde Agbola wa Ibadan waliuliza swali ambalo kila chuo chetu kingelibandika mlangoni: ni nani atakayeipanga miji ya Afrika, ikiwa wanaofundishwa kuipanga wanafundishwa miji ya wengine?

Nairobi walikwenda mbali zaidi. Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, na hapo Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa makazi duni, pamoja na vyuo vikuu na wataalamu wa fani nyingi wakakaa kupanga mahali penye kaya zaidi ya 100,000. Nilipoenda kuwatembelea nilichotaka kukiona kilikuwa kimoja tu: wanaongea lugha gani kwenye mikutano ya mtaa. Walikuwa wanaongea Kiswahili, na Sheng palipohitajika, na mainjinia wazima walikuwa wanahangaika kutafuta maneno kama nilivyohangaika mimi barazani kwa Baba.

Hata hapa nyumbani tulikuwa na mfano mkononi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, jiji lilibaki bila ramani za maana za mabondeni. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora mitaro, njia na nyumba kwa simu na vifaa vidogo vya kupokea mawimbi ya setilaiti, huku mkazi akisema maji yalifika hapa, kiunoni, siku fulani. Hakuna profesa anayeweza kukupa taarifa ile akiwa darasani. Niliwapokea kazini vijana wawili waliopitia huko, na tofauti ilionekana wiki ya kwanza. Walikuwa wanauliza kabla ya kuchora.

Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Nilikuwa Gerezani kwa shangazi yangu, na tulisikia watu wanakimbia kabla hatujasikia habari. Siku zilizofuata waokoaji walichimba, ndugu wa waliofukiwa walikesha kwenye kamba, simu masikioni. Walikufa zaidi ya watu 20. Miaka kumi na moja kabla yake, Machi 2013, jengo lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na mambo ya nondo na nguzo nawaachia mainjinia. Ninachokijua mimi ni kwamba Kariakoo iligawanywa viwanja vya nyumba za Kiswahili, za vyumba sita na ua, kama ile tuliyozaliwa. Juu ya viwanja hivyohivyo yamesimama maghorofa, na chini yake watu wanahitaji stoo. Mabadiliko hayo yote yanapita, au yanapaswa kupita, mezani kwa mtu wa taaluma yangu. Nauliza: muuza viatu aliyekuwa na fremu chini ya ghorofa, nani aliwahi kumweleza jengo analopanga limeruhusiwa liweje? Kibali cha ujenzi kingebandikwa mlangoni kwa Kiswahili chepesi, kikisema idadi ya ghorofa, kikisema kama kuchimba chini kunaruhusiwa au la, kila mpangaji angekuwa mkaguzi. Anayelala na kushinda humo husikia ukuta ukipasuka kabla ya ofisi yoyote.

Nimeyasema haya kwenye semina, kwenye mikutano ya wataalamu, na mara moja mbele ya watu wanaopitia mitaala. Wapo wenzangu wanaoniambia nashusha kiwango. Wanasema programu za ramani ziko kwa Kiingereza, vitabu viko kwa Kiingereza, na kijana wetu anatakiwa aweze kufanya kazi Kigali au London. Nawaheshimu, na sehemu moja wana haki: kijana asome Kiingereza chake, tena kizuri. Lakini kueleza jambo gumu kwa lugha nyepesi ni kazi ngumu kuliko kulificha ndani ya istilahi, kwa hiyo anayetaka kiwango kipande aniunge mkono. Na sheria ya nchi imeshatutangulia. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Hakimu analazimika kueleweka na mshitakiwa. Mpango miji unaomvunjia mtu nyumba yake, au unaompa thamani asiyoijua, una uzito wa hukumu, na anayeuandika aeleweke vilevile.

Mlango umefunguka pia vyuoni. Mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, ule tunaouita HEET, wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, unavitaka vyuo vya umma, Ardhi kikiwamo, vipitie upya mitaala yake kwa kushauriana na waajiri. Ombi langu ni kwamba neno mwajiri lisiishie kwa halmashauri na kampuni za upimaji. Watu wa Gerezani ndio wanaotuajiri, ndio tunaowafanyia kazi, nao wakae kwenye meza hiyo. Tume ya Vyuo Vikuu inapoithibitisha programu ya mipango miji ihesabu vitabu vya maktaba na walimu wenye uzamivu, na iulize pia mwanafunzi amekaa saa ngapi mtaani na alama ngapi zilitoka huko. Na sisi tuliosajiliwa, tunapomhoji anayeomba kujiunga nasi, tutoke naye nje ya chumba. Twende naye mtaa asioujua, atandaze mchoro juu ya meza ya mama lishe, aueleze, nasi tukae pembeni kama yule dereva mkongwe. Akishindwa, arudi akajifunze njia. Hakuna aibu, Baba alirudia ile ya Morogoro mara nyingi.

Baba alifariki mwaka 2018. Nyumba yetu iliuzwa na warithi wa mwenye nyumba na sasa ni ghorofa sita, chini kuna maduka ya vitambaa. Kota za jirani zilikwishapisha mradi wa mabasi ya mwendokasi, na mahali tulipokuwa tunakimbizana sasa ni kituo, basi likisimama linatema watu mia kwa mara moja. Nami huteremka hapo.

Nilimtafuta yule mama wa vitumbua. Ilinichukua miaka miwili kupata nafasi na ujasiri. Nilimkuta kwa binti yake, ameacha biashara, miguu inamsumbua. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimebeba mfuko wa mchele na chuma kipya cha kukaangia, akacheka sana alipokiona, akampa mjukuu. Kisha akaniuliza kama bado nafanya kazi ile ile. Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Basi wafundishe na wenzako.”

Mwezi uliopita nilikuwa na kijana mpya, mhitimu wa mwaka jana, mtaratibu, mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Tulikuwa upande wa kituo cha Gerezani, jua la saa nne. Alikuwa amechutama mbele ya bibi mmoja anayeuza karanga na ubuyu, mchoro umetandazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza barabara, akamweleza mtaro, akamwonesha kituo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua punje moja ya karanga kwenye sinia lake, akaiweka juu ya karatasi, kwenye kona ambayo mchoro uliiacha tupu.

“Mimi niko hapa,” alisema. “Saa sita jua likigeuka nahamia huku.” Akaisogeza karanga kwa ncha ya kidole, kidogo tu, mpaka kwenye kivuli cha ukuta ambao mchoro haukuwa nao.

Kijana aliitoa ile kalamu sikioni, akaweka alama sehemu zote mbili, akaandika saa pembeni yake. Akainua uso.

“Na mvua ikinyesha, bibi?”